Karani wa Mizani

Fomu iliuliza: uzoefu wako katika uandishi.
Nikajaza: miaka kumi na tisa,
kituo cha kupokelea majani ya chai, chini ya Katumba,
daftari la wakulima.
Sikuwa natania.

Wakanichukua.
Cheti cha uzamili, uandishi wa kubuni:
siku kumi Mbeya mwezi wa sita, siku kumi Desemba,
katikati unakaa kwako, unaandika, unatuma.
Shahada yangu ya ualimu ikatoka sandukuni
inanuka dawa ya nondo.
Ambakisye aliuliza mara moja tu:
Ukishakipata, mshahara unapanda?
Nikasema haupandi.
Akanyamaza. Asubuhi nikakuta amefunga parachichi ishirini
niwapelekee wenzangu.

Wenzangu: askari magereza wa Njombe
anayeandika mapenzi matupu,
binti wa Vwawa aliyeacha kazi ya benki,
mchungaji wa Makete asiyevua koti hata akilala.
Baridi ya Juni. Chai ya chuo, nyepesi,
naijua kwa rangi: majani ya daraja la mwisho.

Dokta Kyando akauliza, nani anajua mizani?
Nikanyoosha mkono.
Ya saa au ya kidijitali?
Wakacheka mpaka askari akapaliwa.
Akaendelea: kila ubeti una kituo.
Hapo sikusema kitu. Changu kina bati kumi na mbili
na kinavuja.

Siku ya saba nikasoma shairi langu, mishororo thelathini,
mvua ya Rungwe, mama yangu, mvua tena.
Akachukua penseli.
Maji, akasema, akikata.
Maji. Hili nalo maji.
Alipomaliza, palibaki pawili:

*Kilo mbili nazikata, maji nisiyoyapima,*
*mwenye tenga akipita, macho chini nainama.*

Hapa, akasema, ndipo kuna majani.

Usiku sikulala. Si kwa uchungu wa penseli.
Nilimwona Tumpe wa Kyimbila,
aliyeamka saa kumi, akachuma kwenye ukungu,
akashusha gunia limelowa.
Mvua ikinyesha nakata kilo mbili kwa gunia,
ndio utaratibu, nimeukuta.
Naye kila mara husema ndaga.
Ndaga ya nini?

Nyumbani mtandao haushiki
ila pale pale kituoni, ukiegemea mizani.
Basi saa tatu usiku naegemea,
kazi ya tatu inapanda polepole kwenda Mbeya,
mshale nao unanisoma: sitini na nane,
pamoja na koti, pamoja na tochi.
Kazi yenyewe: mwandikie uliyemkosea,
usitumie neno samahani.
Nimeirudia mara tisa.
Kila nikiandika, inakuja samahani kwa mlango wa nyuma,
imevaa nguo za mvua.

Jumanne ya juzi ilinyesha tangu alfajiri.
Tumpe akaleta gunia.
Sikulipandisha. Nililining'iniza kwenye boriti,
nikalitikisa, nikasubiri.
Foleni ikaanza kuguna. Dereva wa lori akapiga honi.
Tone, tone, tone,
nikajikuta nahesabu nane, kisha nane,
kisha nikapotea hesabu.
Nikapima. Nikaandika kilichosomeka,
bila kukata.
Msimamizi akija mwisho wa mwezi, sijui nitamwambia nini.
Labda nitamwambia nasoma.

Tumpe aliitazama namba,
akanitazama mimi,
akaitazama tena.
Hakusema ndaga.
Akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:
Leo mizani imeharibika?